Kadi 5,000 kwenye simu, na Kiingereza bado hakitoki

SWALI: Mwalimu, salamu. Ninakaa komine ya Kenya hapa Lubumbashi, ninafanya kazi kwa wakala wa forodha, na kila wiki ninakwenda Kasumbalesa kupokea malori. Mwaka jana nilinunua kwa kijana mmoja faili la kadi 5,000 za Kiingereza na Kifaransa, nikaliweka katika Anki, programu inayokuonyesha kadi za maneno na kukupangia siku ya kuzirudia, nikajipangia kadi mpya 50 kila siku. Sasa kila asubuhi programu inanidai marudio zaidi ya 600. Neno nikiliona kwenye simu ninalijua, lakini dereva akiniuliza jambo kwa Kiingereza sina la kumjibu. Je, nibadilishe programu, au niongeze kadi?

JIBU: Usiongeze hata kadi moja, ndugu yangu, na programu usiibadilishe. Programu hiyo ni nzuri, ila umeipa kazi isiyo yake. Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, kutoka kwa wanafunzi wa chuo, wauguzi na wafanyabiashara, na nyuma ya yote ninakuta imani ileile, kwamba kadi humfundisha mtu neno. Kadi haifundishi. Inakurudishia neno ambalo tayari umelisikia au kulisoma mahali fulani, ukaelewa lilivyotumika, kisha ukaanza kulisahau. Neno ambalo hujawahi kukutana nalo popote halina cha kurudishwa.

Wauzaji wa kadi hupenda sana kuonyesha mchoro wa kusahau wa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Wanachokiacha ni kwamba mchoro huo unatokana na silabi zisizo na maana yoyote, alizozitunga makusudi ili zisishikamane na kitu chochote alichokuwa akikijua, na kwamba silabi hizo ndizo zilizopotea kwa wingi ndani ya saa chache za kwanza. Ebbinghaus huyohuyo alijaribu pia kukariri beti za mshairi Mwingereza Byron, akaona kwamba zilimgharimu takribani sehemu moja ya kumi tu ya juhudi aliyoitumia kwa silabi zenye urefu huohuo. Neno la Kiingereza unalolikuta kwa mara ya kwanza juu ya kadi, bila sentensi, bila sauti na bila mtu aliyelitamka, liko karibu zaidi na silabi zile kuliko na beti za Byron. Wewe umejipa maneno 50 ya namna hiyo kila siku, halafu unashangaa kwamba hayakai.

Kuhusu kushindwa kujibu, sababu iko kwenye kadi zenyewe. Kama faili lako linafanana na mengine ninayoletewa, kila kadi ina Kiingereza mbele na Kifaransa nyuma. Kwa miezi yote hiyo umejizoeza kutambua neno lililoandikwa na kulipeleka kwenye Kifaransa, na zoezi hilo umelimudu. Kulitoa neno mwenyewe pasipo kuliona hujawahi kuombwa. Hizi ni kazi mbili tofauti za kumbukumbu, na mazoezi ya moja hayakupi nyingine bure. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome: waliorudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walipitwa na wale ambao, badala ya kusoma tena, walijilazimisha kuandika walichokumbuka. Ule urahisi unaousikia neno linapotokea kwenye simu unatokana na kulizoea kwa macho.

Marudio 600 ni hesabu tu. Kwa kawaida idadi ya marudio ya siku hufika takribani mara kumi ya kadi mpya unazoingiza kila siku, kwa hiyo kadi 50 huzaa marudio 500, na zile unazozisahau zinaongeza mengine. Hata ukitumia sekunde 8 kwa kila kadi, 600 zinakula dakika 80. Kila kadi mpya ni deni unaloliandikisha kwenye daftari la butike, na wewe umekopa kila siku bila kutazama ukurasa wa jana. Ninashuku pia kwamba ukisahau neno huwa unabonyeza kitufe cha pili, kile cha ugumu, kwa kuona aibu kubonyeza cha kwanza, kile cha kurudia tena. Programu haina habari na aibu yako. Kitufe cha pili kinamaanisha kwamba ulikumbuka, ingawa kwa shida, na programu itakusogezea kadi hiyo mbele kana kwamba unaijua. Ukisahau, bonyeza cha kwanza, basi.

Leo hii ingia kwenye mipangilio, weka idadi ya kadi mpya kuwa 0, na uiache hivyo mpaka foleni ipungue. Unapofanya marudio, kwa kila kadi ujiulize swali moja: neno hili nimewahi kulisikia kwa mtu au kulisoma kwenye hati yoyote? Kama hapana, isitishe. Kusitisha si kufuta, kadi inabaki ndani bila kukudai. Anki yenyewe huitia alama kadi iliyosahauliwa mara 8, na inaweza hata kuisitisha, kutegemea mipangilio yako, na sioni sababu ya kusubiri ifike huko. Usishangae ukibakiza kadi mia chache tu kati ya 5,000.

Kisha uanze kutengeneza zako. Ukiwa Kasumbalesa, chukua daftari dogo na uandike pale ulipokwama: ulitaka kumwambia dereva nini, na yeye alisema nini ambacho hukukielewa. Madereva wa Tanzania hawakusumbui, mnamalizana kwa Kiswahili, na kwa Wazambia wengi wetu huku huokolewa na Kibemba. Kwa hiyo daftari lako litajaa zaidi siku za malori ya Afrika Kusini, au pale karatasi zinapobishaniwa. Jioni, utafute namna ya kusema jambo hilo kwa Kiingereza, umwombe anayekijua aikague sentensi, ndipo uiweke kwenye kadi. Upande wa mbele uandike hali yenyewe kwa Kiswahili, kwa mfano: «Mwambie dereva kwamba lakiri ya kontena imekatika.» Nyuma uweke sentensi nzima ya Kiingereza, pamoja na sauti ya mtu anayeitamka, kwani programu inakuruhusu kurekodi sauti kwa simu bila kutumia mega hata moja. Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu kila kitu unakifikiri kwa Kiswahili, na sioni faida ya kuipitisha kila sentensi kwenye Kifaransa kabla haijafika kwa dereva. Sema jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kadi 5 za namna hii kwa siku zinatosha.

Faili ulilonunua lina kasoro nyingine ambayo ninaiona karibu katika mafaili yote yanayouzwa: maneno yamepangwa kwa mafungu, rangi zote pamoja, matunda yote pamoja, viungo vyote vya mwili pamoja. Mpangilio huo unapendeza macho, lakini tangu miaka ya 1990 majaribio yameonyesha kwamba maneno mapya ya fungu moja yakifundishwa kwa wakati mmoja huchanganyikana, na mwanafunzi hubaki akijua kwamba neno fulani ni rangi bila kujua ni rangi gani.

Mtaalamu wa msamiati Paul Nation wa New Zealand, ambaye anazitetea kadi za maneno kuliko wengi, anaweka ujifunzaji wa makusudi wa namna hii kwenye robo moja ya muda wa mwanafunzi. Robo tatu zilizobaki anazigawa kwa kusikiliza na kusoma mambo yanayoeleweka, kuzungumza na kuandika kwa lengo la kuelewana, na kujizoeza wepesi kwa kutumia yale ambayo mtu anayajua tayari. Ukitumia dakika 80 kwa kadi na huna hata dakika moja ya mazungumzo, hakuna programu duniani itakayokufidia.

Na kwa wengine wote wanaosoma jibu hili: mji wetu umejaa matangazo ya «Kiingereza kwa siku 30», na wenye matangazo hayo wanauza kwa dola kitu ambacho hawakukitengeneza. Hakuna siri wanayoimiliki. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 jinsi ya kurudia kadi za karatasi kwa sanduku lenye vyumba. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliandika programu ya kukokotoa muda wa marudio. Na Anki, ambayo Damien Elmes aliitoa mwaka 2006, ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Kwenye simu za Android na kwenye kompyuta ni bure; ni kwenye iPhone tu ambako inalipiwa, na pesa hizo haziendi kwa kijana anayekuuzia faili kwa WhatsApp. Sasa wamezuka wengine wanaotumia akili mnemba kuzalisha kadi 1,000 kwa dakika chache, na wanazisifu kwa wingi wake. Wingi ndio uliomfikisha muuliza swali hapa alipo. Yeyote anayetaka kukuuzia kadi, mwombe kwanza akusomee 20 kati ya hizo kwa sauti na kuitumia kila moja katika sentensi. Wengi wao hawatafika ya kumi.