Maswali na majibu: "Mdogo wangu kaingia Phi Alpha Delta, mama anasema ni Freemason"

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu habari ya vile vyama vya wanafunzi wa sheria wa Marekani vyenye majina ya Kigiriki, basi simu haijapumzika. Nimechukua maswali saba, mengine yanafanana fanana kwa hiyo usipoliona lako soma la mwenzio.

Shikamoo wakili. Mdogo wangu yuko Chicago, mwaka wa kwanza wa sheria. Juzi katuma picha kapiga suti, kifuani kuna kipini, nyuma yake bango la Phi Alpha Delta. Mama halali, anasema mtoto kaingia Freemason. Nimwambieje? – Msomaji, Dodoma

Marahaba. Mwambie mama alale. Phi Alpha Delta ni chama cha wanafunzi wa sheria, mawakili na majaji, na hilo jina ni herufi tatu za Kigiriki basi, Wamarekani hiyo tabia ya kubandika vyama herufi za Kigiriki wanayo toka 1776 walipoanzisha Phi Beta Kappa pale chuo cha William and Mary, Virginia, na wengine wote wakaiga.

Mi mwenyewe nilipokuwa kule kwa masomo ya mwaka mmoja nilialikwa kushuhudia wapya wakiapishwa, nikaenda na wasiwasi wangu wa Kibongo kamili, nimekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Ilifanyika ndani ya chumba cha mahakama jioni, makarani wameshaondoka, jaji mzee kakaa kwenye kiti chake na joho lake, vijana kama ishirini wamejipanga mbele, mmoja anahangaika na tai iliyokataa kunyooka. Wakainua mkono wa kulia, wakasoma kiapo kwenye karatasi, kuna waliokuwa wanabana kicheko, wakavishwa vipini, wakapeana mikono, halafu tukashuka chini kula piza iliyopoa. Nilikuwa nasubiri mbuzi mweusi bana, nikaambulia piza. Rangi zao ni zambarau na dhahabu iliyokolea, ua lao ni karnesheni nyekundu, hayo ndo mambo ya kutisha yaliyopo.

Ila nisije nikaonekana nimeficha: rais Harry Truman alikuwa mwanachama wao, na Truman huyo huyo alikuwa Freemason kweli, tena mkuu wa Freemason wa jimbo zima la Missouri kuanzia 1940. Ni vitu viwili mbalimbali, kama wakili kuwa mwanachama wa TLS, chama cha mawakili wa Tanganyika, halafu pia ni Simba damu. Nalisema mapema mama asije akaletewa na mtu mwingine tukaanza upya.

Kaka, kipi ndo cha zamani kuliko vyote na vilianzaje? – Mwaka wa pili LLB, Morogoro

Cha zamani ni Phi Delta Phi, Desemba 13, 1869, chuo kikuu cha Michigan pale mji wa Ann Arbor, kijana mmoja anaitwa John M. Howard na wenzake wachache. Angalia huo mwaka vizuri, chama cha mawakili wa Marekani chenyewe, ABA, kimezaliwa 1878, yaani wanafunzi waliwatangulia wakubwa wao miaka tisa. Na walikuwa wanahubiri maadili ya uwakili wakati ABA imekuja kuandika kanuni zake za maadili 1908. Enzi hizo mawakili wengi hata shule ya sheria hawakuipitia, unaingia ofisini kwa wakili mzee, unanakili hati kwa mkono, unafagia, usiku unasoma kitabu cha Blackstone, yule mwanasheria wa Uingereza, siku akiridhika anakupeleka kwa jaji. Sasa wale waliokuwa chuoni walitaka waonekane ni watu wa taaluma na sio wababaishaji wa korido za mahakama.

Lakini stori ninayoipenda mimi ni ya hao Phi Alpha Delta, maana wao wamezaliwa na ugomvi. Novemba 1897 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ilibadilisha masharti ya kuingia uwakili: miaka miwili ya masomo ikawa mitatu, na cheti cha chuo peke yake hakitoshi tena, lazima mtihani wa bodi. Sawa, ila sharti likawakumba hadi waliokuwa tayari darasani! Hebu fikiria umeshalipa ada, umeshapiga hesabu za kurudi nyumbani, unaambiwa ongeza mwaka na mtihani juu. Vijana wa Chicago wakajipanga, wakapeleka kilio chao bungeni, na bunge la jimbo likawakubalia, 1899 ikapita sheria kwamba walioanza kabla ya Novemba 4, 1897 waingie kwa masharti ya zamani. Wakashangilia. Mwaka huo huo ikaja kesi ya kijana mmoja wapo, Day, Mahakama ya Juu ikaipiga chini ile sheria, ikasema nani aingie uwakili ni kazi ya mahakama na bunge likae upande wake. Wanafunzi wa katiba, In re Day ndo hiyo, bado inatajwa kwenye mambo ya mgawanyo wa madaraka, na chanzo chake ni wanafunzi waliochukia kuongezewa mwaka.

Wale waliopigana pamoja hawakutaka kuachana, wakaunda chama kinaitwa Lambda Epsilon, kikayumba, Julai 1902 wakakutana South Haven, mji wa ufukweni kwenye Ziwa Michigan, wakakubaliana kukivunja waanze upya, na Phi Alpha Delta ikazaliwa rasmi Novemba 8, 1902. Waliosikia makelele ya 2022 hapa kwetu, kwenye Law School of Tanzania ambako mawakili wanafundwa, walipofaulu 26 kati ya 633, hawahitaji kuelezwa ile hasira ya Illinois ilikuwaje.

Mbona matawi ya Phi Delta Phi yanaitwa Inn? Si ni gesti hiyo? – Msomaji, Mombasa

Ndio ni gesti! Tawi la kwanza ni Kent Inn, ukilitafsiri kavu kavu ni Gesti ya Kent, ila huyo Kent hakuwa na gesti, ni James Kent, jaji mkubwa wa New York aliyeandika vitabu ambavyo mawakili wa Marekani walivitumia miaka na miaka. Neno lenyewe wameliazima London, kwenye zile Inn nne za mawakili, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, ambako zamani wakili na mwanafunzi walilala hapo, wakala hapo, wakafundishana hapo hapo. Na kula lilikuwa sharti, bila kutimiza idadi ya milo ya jioni ukumbini huitwi uwakili hata ungejua sheria kama nini. Gandhi aliyeitwa uwakili Inner Temple 1891 alikuwa anagombewa mezani, maana kila watu wanne walipewa chupa mbili za mvinyo na yeye hanywi, sasa nani asitake kukaa naye.

Phi Alpha Delta wao matawi wanayapa majina ya wanasheria wakubwa, Blackstone, Story, Marshall, na mwenyekiti wa tawi anaitwa Justice, anayesimamia utaratibu Marshal. Phi Delta Phi mwenyekiti ni Magister na mtunza hela ni Exchequer. Kuna wa tatu, Delta Theta Phi, vyama vitatu vilivyoungana Chicago 1913, hao tawi lao ni Senate na mkubwa wake ni Dean. Kwa majina makubwa watu wa sheria hatujambo, dunia nzima ndo tulivyo.

Na wanawake je? Au ilikuwa klabu ya wanaume tu? – Dada wa Nairobi

Ya wanaume tu dada yangu, tena kwa miaka mingi. Mwaka ule ule wa 1869 Phi Delta Phi inaanza, Arabella Mansfield alikuwa ameshakubaliwa kuwa wakili kule Iowa, wa kwanza Marekani nzima, kwa hiyo kisingizio cha kwamba hawakuwepo hakipo. Jirani hapo Illinois walimkatalia Myra Bradwell, akafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi na 1873 ikamkatalia pia.

Kina dada hawakukaa kusubiri mlango ufunguliwe, wakajenga nyumba yao. 1908 wanafunzi wa chuo cha sheria cha Chicago-Kent walianzisha Kappa Beta Pi, halafu 1911 wanawake watano wa chuo cha USC, Los Angeles, wakaanzisha Phi Delta Delta. Mmoja wao ni Georgia Bullock ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha ujaji Superior Court ya California. Phi Alpha Delta wamefungulia wanawake 1970, na 1972 wakaungana na hao Phi Delta Delta. Mwaka huo ndo ilipita sheria ya Title IX ya kukataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu, na ilipokuja kurekebishwa baadaye vyama vya starehe vya vyuoni vikaachiwa viendelee na jinsia moja, vya taaluma havikuachiwa. Wanaume walichelewa kufungua mlango kwa miaka zaidi ya mia, sina lugha ya kulipamba hilo.

Vipi yale mambo ya kunyweshwa pombe na kupigwa vibao kama kwenye muvi? – Msomaji, Kampala

Hayo unayoyaona ni ya vyama vya starehe vya vijana wa digrii ya kwanza, wanakaa nyumba moja, wana mapati yao. Sheria Marekani unaisoma ukiwa tayari na digrii nyingine, kwa hiyo humu unakuta mtu ana mke na mtoto na usiku anafanya kazi, wa kumpiga kibao nani? Bia zipo, sitakudanganya, wanasheria hao.

Kuna faida gani ya kweli zaidi ya kipini? – Msomaji, Arusha

Madesa. Nasema bila aibu. Kule profesa hasomi noti, anakuita jina katikati ya watu mia ueleze kesi, mtihani ni mmoja mwisho wa muhula, kwa hiyo mwenye madesa ya aliyemaliza mwaka jana kwa profesa huyo huyo ni tajiri. Kwenye tawi unarithi hayo, unapata mkubwa wa kukwambia kozi hii usiiguse, mashindano ya mahakama ya mfano yapo, majaji wanakuja kuongea na unabaki na namba ya mtu. Phi Alpha Delta inachukua hata ambao hawajaanza sheria, wanasaidiwa kujiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria. Phi Delta Phi wenyewe toka 2012 wamejigeuza chama cha heshima, wanaangalia maksi kwanza, Franklin Roosevelt alikuwa wao enzi zake. Kazi hawakupi, wasikuuzie hiyo. Na ada ipo, mdogo mtu aulize kabla hajaapa.

Sisi kwetu mbona hatuna? – Msomaji, Mbeya

Sisi tumerithi ya London. Kabla hatujawa na vitivo vyetu aliyetaka uwakili alipanda meli kwenda kula zile chakula za Inn, Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, ni wa Gray's Inn, 1954. Halafu Oktoba 1961 sheria ikaanza kufundishwa Dar, wanafunzi 13 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na 13 mnahitaji chama cha nini, mnajuana hadi viatu. Tulichobaki nacho ni kuitana msomi mwenzangu mahakamani, hata yule ambaye dakika tano nyuma mmetukanana korido, na vile vikundi vya kudiskasi usiku chini ya taa. Kikundi changu tulikuwa sita, mmoja tulimnusuru na disko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, kwa desa moja la mikataba lililoandikwa kwa penseli, leo ni hakimu na bado ananidai penseli yake.

Halafu msomaji wa Dodoma kanirudia wakati naandika hapa. Mama kaelewa, kalala. Sasa anauliza kile kipini ni dhahabu ya kweli, maana kama ni ya kweli mtoto akitume nyumbani.