LibreOffice ipo, mbona programu yangu haiioni?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimeandika programu ya Python ya kutoa ripoti za wanafunzi. Mwishoni inaita soffice, yaani amri ya kuendesha LibreOffice, igeuze hati kuwa PDF. Kwenye Ubuntu yangu haina shida. Kwa mteja wa Windows inagoma na kuandika WinError 2 (faili halikuonekana), ingawa LibreOffice anaifungua kila siku. Mwingine ana Mac: akiiendesha kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) inakubali, akibofya ikoni inakataa. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kosa ni kuamini kwamba programu ikishasakinishwa, programu nyingine zote zinajua ilipo. Ukitaja soffice bila njia kamili (anwani nzima ya faili), mfumo haupekui diski nzima. Unapita kwenye orodha ya folda iitwayo PATH, moja baada ya nyingine, na kuendesha ya kwanza kuonekana. Isipoonekana humo, kwa kodi yako (maelekezo ya programu uliyoandika) ni kama haipo. Na kila programu inarithi orodha hiyo kutoka kwa aliyeiwasha.

Ubuntu ilikuficha tatizo, kwa sababu kifurushi chake kinaweka soffice kwenye /usr/bin, na folda hiyo imo kwenye orodha tangu mwanzo.

Kwenye Windows, LibreOffice inakaa C:\Program Files\LibreOffice\program, na kisakinishi hakiiongezi folda hiyo kwenye PATH. Mteja anaifungua kwa ikoni iliyobeba njia kamili. Kuna na jambo lililowahi kunipotezea siku nzima: rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, ina sehemu iitwayo App Paths, ambamo programu nyingi hujiandikisha. Kisanduku cha Run kinaisoma sehemu hiyo, lakini subprocess, moduli ya Python ya kuwasha programu nyingine, inapitia CreateProcess, kazi ya Windows isiyoisoma. Ndiyo maana jina lilelile linaweza kukubali kwenye Run na kukataa kwenye kodi yako, kompyuta ikiwa ni hiyohiyo moja.

Kwenye Mac, terminali inasoma kwanza mipangilio ya sheli (kisoma amri) ya mtumiaji. Programu iliyobofywa haiipati. Inapewa orodha fupi ya /usr/bin, /bin, /usr/sbin na /sbin. Vitu vya Homebrew, kisakinishi cha programu za Mac, havimo humo: viko /opt/homebrew/bin kwenye Mac za chipu za Apple, na /usr/local/bin kwenye zile za Intel. LibreOffice yenyewe iko /Applications/LibreOffice.app/Contents/MacOS/soffice. Siku ukiipeleka kazi yako kwenye cron ya Ubuntu, inayoendesha kazi kwa ratiba, kumbuka huko orodha ni /usr/bin na /bin tu: soffice ya kifurushi cha Ubuntu itaonekana, lakini iliyowekwa kwingine haitaonekana.

Sasa tafuta kwa zamu. Anza na njia aliyoichagua mtumiaji mwenyewe kwenye mipangilio yako; hiyo ishinde zote. Kisha tumia shutil.which, kazi ya Python ya kutafuta programu kwenye PATH, iliyoingia na Python 3.3 mwaka 2012. Kwenye Windows inajaribu pia viambishi vya mwisho wa jina kama .exe na .cmd. Ikirudi mikono mitupu, kagua sehemu zinazojulikana za kila mfumo. Kwa Windows usiandike C:\ kwa mkono: uliza kigezo cha mfumo cha ProgramFiles, na soma App Paths kwa winreg, moduli ya Python ya kusoma rejista, kwani wapo wanaosakinisha diski ya D. Kwa Linux kumbuka hata jina linabadilika. Vifurushi vya mradi wa LibreOffice wenyewe vinaingia /opt, na amri yake inabeba namba ya toleo, mfano libreoffice24.2.

Ukishaipata, iendeshe kwa njia kamili. Windows hutazama folda ya kazi (ile programu inamofanyia kazi wakati huo) kabla ya PATH, kwa hiyo faili la hila lenye jina soffice.exe likiwekwa karibu na hati za mteja laweza kuendeshwa badala ya lile halali. Hata shutil.which huweza kulirudisha, basi kataa jibu lolote linalotoka kwenye folda ya kazi.

Kumwambia mteja ahariri PATH sikushauri kabisa. Akikosea anaharibu programu nyingine, na akipatia, programu iliyokwisha kufunguliwa bado inashika orodha ya zamani hadi ifungwe. Programu yako ikikosa soffice, imwonyeshe sehemu zote ilizotafuta, impe kitufe cha kuchagua faili mwenyewe, na ihifadhi jibu lake. Toleo jipya lijaribu kwa kubofya ikoni kwenye kila mfumo, usiishie kwenye terminali.