Kabla hujakopa ulishe jeshi, soma hii kwanza

Juzi usiku kijana mmoja wa Changamwe kaniandikia inboksi, "Kaka, nimepata LPO ya chakula cha wanajeshi wa Somalia, nikope?" LPO ni ile karatasi ya kuagizwa mzigo. Nimekaa na hiyo meseji siku mbili maana hilo neno nikope limenichoma, mimi mwenyewe nilishajiuliza hivyo hivyo na nikajijibu vibaya.

Najua nyote mnaosoma hapa mnazitaka hizi kazi, na pesa ipo kweli. Jeshi letu la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, mwaka uliofuata likaingia AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia wakati ule, na Umoja wa Mataifa tangu 2009 ulishafungua ofisi ya kuwapelekea wanajeshi wa AMISOM chakula, maji na mafuta, mzigo mwingi ukipitia hapa hapa Mombasa. Lakini tenda yenyewe inachukuliwa na kampuni kubwa za nje, hizo zinampa mtu wa hapa, wa hapa anampa broka, na broka ndo anakupigia wewe simu. Kwa hiyo ukishika LPO angalia jina lililoandikwa juu. Mimi nilikuwa mkono wa tatu na natamba mtaani kwamba nafanya kazi na UN.

Hiyo ilikuwa 2013. Mizigo miwili ya kwanza ilipokelewa vizuri, nikaambiwa malipo siku 60. Sikungoja. Nikaenda sako nikakopa, dhamana Canter yangu, nikanunua maharagwe gunia 300 za kilo 90. Mvua zilikuwa zimeshika, mzigo ukaingia usiku kutoka Taveta na turubai imetoboka, nikatia mkono kwenye gunia moja nikasikia ubaridi. Nikanyamaza. Nilijua, wallahi nilijua, lakini kichwani nilikuwa nahesabu faida.

Asubuhi akaja mkaguzi, mama mtu mzima, mpole. Akaacha gunia za juu zote, akainama akachoma bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea punje, kwenye gunia la chini kabisa, akamimina punje kiganjani, akanusa, akazitia kwenye kimashine cha unyevu. Ikasoma asilimia 17. Mkataba ulisema isizidi 14. Hakunifokea, alisema tu, "Mwanangu, haya yatafika kule yameota ukungu, na yule askari hana duka la pili la kwenda."

Kisha akanisimulia habari ambayo sijaisahau. Mogadishu, kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 wa AMISOM walivimba miguu na wasiopungua 4 wakafa. Sio risasi. Ilikuwa beriberi, mwili umekosa vitamini B1 kwa sababu walikaa miezi na chakula cha aina chache, vita vimebana njia za kufikisha kingine. Wengine ilibidi wabebwe kwa ndege waletwe hospitali Kenya na Uganda. Mtu kaacha watoto kwao Uganda au Burundi, kajiandaa kufa kwa bunduki, anauliwa na sahani. Tangu siku ile maharagwe kwangu si bidhaa tu.

Basi gunia zote 300 zikarudi, nikauza kwa hasara. Na zile invoisi mbili za nyuma broka akaacha kushika simu, siku 60 zikawa 127, sako wakaichukua Canter. Mke wangu akauza bangili zake za harusi ili watoto warudi shule. Broka yule bado namuona mjini, ananisalimia kama hakuna kitu, namuitikia, lakini moyo haujapoa.

Miaka iliyofuata niliifanyia kazi kimya kimya, haina hadithi. Mwezi uliopita nimetimiza mwaka wa sita bila gunia moja kurudishwa, na nasema hivyo kwa kujivunia maana nimelipia.

Vijana, nunua bambo lako, nunua kimashine cha unyevu, pima kabla mkaguzi hajapima. Fungua gunia la chini. Usikope kwa ajili ya mzigo wa tatu kama wa kwanza haujalipwa, narudia, kama wa kwanza haujalipwa usikope. Delivari noti isainiwe na kupigwa muhuri kabla dereva hajaondoka getini. Na muogopeni Mungu, jamani. Mwenye hoteli ukimpa kitu kibovu atakutukana kesho yake na kununua kwingine, lakini yule aliye kwenye handaki kule Kismayo anakula ulichomfungia wewe, akiugua hata jina lako halijui. Pesa ya hivyo hailaliki.

Mdogo wangu wa Changamwe, jibu langu ni usikope bado. Piga picha hiyo LPO kurasa zote, hasa ile yenye masharti ya malipo, nitumie leo tuisome pamoja. Na kabla ya kuongea na broka, ulizia nani alimpelekea mzigo kabla yako, umtafute huyo mtu, umuulize alilipwa lini.