Mikoko yetu imekufa, tuache ama tuendelee?

SWALI: Shikamoo bi mkubwa. Mimi ni kijana wa Mikindani hapa Mombasa, tuko kikundi cha vijana na kina mama kama ishirini hivi. Mwaka jana kampuni moja ilikuja na tisheti za bure na makamera, tukapanda mikoko 600 pale chini kwenye tope palipokuwa wazi kabisa, asubuhi moja tu tukamaliza, picha zikapigwa, soda tukanywa, wakaenda zao. Leo nikihesabu nikifika 40 ni bahati. Wazee wanatucheka ati tulipanda vijiti. Na wenzangu wengine washachoka manake tuliambiwa kuna pesa za kaboni na hatujaona hata shilingi. Tulikosea wapi, na hizo pesa zipo kweli ama ni porojo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Lakini hebu nikuulize, hapo mahali palipokuwa wazi, kwani kwa nini palikuwa wazi? Mikoko iko pembeni hapo miaka nenda miaka rudi, kila msimu inadondosha mbegu, maji yanazibeba yanazipeleka kila upande, na bado hapo hapakuota hata mmoja. Basi kuna sababu. Mara nyingi ni kwamba pako chini sana, mche unakaa ndani ya maji saa nyingi mno kila siku mpaka unachoka. Kampuni inapapenda kwa sababu hakuna cha kufyeka na picha inatoka vizuri.

Halafu kuna suala la aina. Watu wanasema mikoko mikoko kama kwamba ni mti mmoja. Muulize mvuvi yeyote wa hapo kwenu atakwambia, mliana unakaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe ule wa mizizi kama miguu ya buibui uko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu utaukuta huko juu karibu na nchi kavu, ingawa mchu ni mkaidi, unaota hata mbele. Nyinyi mlichukua mbegu ya mkoko kwa sababu ni ndefu na rahisi kushika, unaichomeka tu, lakini mahali penyewe si pake.

Kwa hivyo msiache, ila mwaka huu msipande kitu kwanza. Najua hilo halipendezi. Subirini bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo ama mwezi mpevu, mshuke na mvuvi mmoja mzee (ndio, mmoja wa hao wanaowacheka) mwone maji yanafika wapi na yanakaa muda gani, na mtafute palipo na vichipukizi vilivyoota vyenyewe. Hapo ndipo pa kufanya kazi. Pengine mtakuta vimejaa tele na havihitaji kupandiwa wenzao, vinahitaji kulindwa tu.

Kulindwa dhidi ya nini? Dhidi ya uchafu wetu sisi. Mimi nilishuka hapo Tudor siku moja maji yamekupwa nikaona mche wa kama futi moja na nusu umevishwa gunia la plastiki, na uzi wa nguo kuukuu umezunguka shina mara mbili tatu, maji yalipoanza kujaa lile gunia likavuta kama tanga na mche ukalala kifudifudi kwenye tope. Nikaukata ule uzi kwa meno, sikuwa na kisu. Sasa huo ulikuwa mmoja. Mkiwa watu ishirini mkashuka kila baada ya bamvua mkafungua miche tu, mtaokoa mingi kuliko hiyo 600.

Na tope pia mliangalie. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana kwenye hori la Mwache, ukafunika mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa eneo kubwa. Huko juu kwenu kukichimbwa ovyo, udongo utashuka vilevile.

Haya tuje kwenye pesa, najua ndizo ulizokuwa unazisubiri. Zipo. Gazi kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu 2013, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza na kuihifadhi, lakini sikiliza vizuri: ni hekta 117 hivi, na mikoko mingi ni ile ile ya zamani wanayoilinda isikatwe, maana kaboni nyingi imelala chini kwenye tope lenyewe. Wanahesabiwa kama tani 3,000 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, na pesa inaingia kwenye miradi ya maji safi na shule, haigawiwi mfukoni. Wamepanda na mivinje ili watu wasiende kukata fito na boriti baharini. Nyuma yao kuna watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, hao hao walio hapa Mkomani, nendeni mkabishe hodi. Nyinyi na kipande chenu peke yenu hamtoshi kuuza. Mkitaka huko jiungeni na vikundi vya Jomvu na majirani wengine muwe chama cha msitu, mwandikiane mkataba na Kenya Forest Service, idara ya misitu, kwa sababu mikoko ni msitu wa serikali. Na akija mtu na mkataba wa kaboni mwambieni sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa ardhi unatoa si chini ya asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Akianza kukohoa, mkataba arudi nao.

SWALI: Asalamu alekum. Sisi Kisauni tunazibua mtaro wetu kila mwezi lakini mvua ikinyesha kidogo tu maji yanarudi ndani mpaka chini ya kitanda. Tufanyeje? Mama wanne.

JIBU: Waalekum salaam mama wanne. Lile tope mkishalitoa mnaliweka wapi? Kando ya mtaro, si ndio? Basi mvua ya kwanza linarudi lilikotoka pamoja na chupa na pampasi zake. Changeni pesa ya mkokoteni, liondoke siku ile ile kabla halijakauka, na safari kubwa muifanye Februari kabla ya masika halafu Septemba kabla ya vuli. Na fuateni mtaro mpaka mwisho wake, nyumba ya mwisho kabisa, mara nyingi huko kuna mtu amejenga choo juu yake.