Taa ya mkanda ilikuwa imezimwa

Jua lilikuwa linawaka nje, hakuna wingu hata la dawa. Nilikuwa nimefunga mkanda, ila nimeulegeza kwa sababu ya shibe. Chai mkononi. Ghafla ndege ikatuacha, sina neno jingine. Chai ilitoka kikombeni ikiwa bado na umbo la kikombe, nami nikainuka mpaka mkanda ukanidaka mapajani, nikarudi chini upande upande na kuangukia mkono wa kiti. Mzee wa ng'ambo ya njia hakuwa amefunga kabisa. Juu ya kiti chake dari lilipasuka, na kwenye ule ufa zilinasa nywele mbili tatu za mvi.

Baadaye kila mtu alikuwa akisimulia jinsi "tulivyoporomoka mamia ya mita." Sidhani. Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko ikiwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi wakaumia, lakini uchunguzi wa awali ulionyesha ilishuka kama mita 54 tu, ndani ya sekunde zisizotimia tano. Kinachoumiza ni ule ughafla. Ndege inashuka haraka kuliko mwili wako, kwa hiyo asiyefunga mkanda hubaki juu na dari humfuata.

Na rubani si kwamba alizembea. Rada ya ndege hunasa matone ya maji. Hewa kavu inayochafuka penye anga jeupe haionekani humo. Taa ikizimwa, elewa tu kwamba hawajaona la kukuonya.

Siku hizi mkanda naukaza chini, kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni. Nikilala naufunga juu ya blanketi ili mhudumu auone asiniamshe. Ukikutwa umesimama, usikimbilie kiti chako: keti popote palipo wazi, hata sakafuni, ushike mguu wa kiti. Mwenye mtoto mdogo asitegemee mikono yake, hata awe na nguvu kiasi gani. Mnunulie kiti na ubebe kiti cha mtoto kinachokubalika ndegeni. Ni gharama, najua.

Kosa langu kubwa nililifanya baada ya kutua. Mhudumu aliniuliza hali, nikajibu "niko salama," maana mwili ulikuwa bado na moto na nilimwonea haya yule mzee aliyekuwa anavuja damu. Usiku sikuweza kuinua mkono. Picha ya eksirei ikaonyesha ufa kwenye mtulinga. Kumbe kwenye taarifa ya ndege sikuandikwa popote.

Kwa hiyo sema kabla hujashuka, hata kama ni maumivu madogo, na uombe yaandikwe. Tunza kipande cha tiketi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa safari nyingi za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unalibebesha shirika la ndege dhamana ya majeraha ya ajali iliyotokea ndani ya ndege, ila una miaka miwili tu ya kufungua kesi, ikihesabiwa tangu siku ya kufika.

Mimi waliniletea barua ya pole yenye punguzo la tiketi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema nikitia sahihi sitadai kitu kingine. Ipo kwenye droo mpaka leo, haina sahihi.