Bisibisi ya betri kwa gereji ndogo: volti ngapi zinatosha?

SWALI: Fundi, nina gereji ndogo hapa Morogoro. Kazi zangu nyingi ni Vitz, IST, Honda Fit na pikipiki za bodaboda: kufungua dashibodi, taa, paneli za milango na mifuniko ya injini. Mara nyingine nachomea na kufunga fremu za vyuma. Nataka bisibisi ya betri. Dukani nimeoneshwa ya volti 3.6, ya 12, ya 21 na nyingine imeandikwa 98V. Muuzaji anasema yenye volti kubwa ndiyo bora. Nichukue ipi? Na je, itafungua nati za tairi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kazi ulizozitaja chukua ya volti 12, aina ya drili yenye pete ya klachi (ya kuweka kikomo cha kukaza) na mdomo unaoshika hadi milimita 10. Itakufungulia skrubu na pia itakutobolea bati la fremu. Nati za tairi ziache kando kwanza, nitazifikia.

Kabla ya volti, tazama toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita (Nm). Bisibisi ndogo ya volti 3.6 kwa kawaida hutoa Nm 4 hadi 6. Ni nyepesi na inaingia chini ya usukani, lakini skrubu iliyoshika kutu itaishinda. Drili ya volti 12 hufika kama Nm 30. Impakti, ile inayogonga huku ikizungusha, ikiwa ya volti 18 hupita Nm 150. Sasa linganisha na kazi yenyewe: boliti ya M6 ya chuma, ile unayoishika kwa spana namba 10 au 8, hukazwa kwa takriban Nm 10 tu. Mfuniko wa injini ya pikipiki ni aluminiamu. Ukiupelekea impakti, uzi unaliwa kabla hujatoa kidole kwenye kitufe, na mteja atakulipisha kava zima. Ndiyo maana sikubaliani na muuzaji wako. Gereji hufaidika zaidi na mashine inayojua kusimama.

Kazi hiyo ya kusimama ni ya klachi. Pete ina namba, tuseme 1 hadi 15 au 20, na ukifikia kiwango ulichoweka inatoa mlio na kuacha kuzungusha. Angalia sana hapa: namba hizo si Nm, na 5 ya mashine moja si 5 ya nyingine. Anza chini, panda taratibu mpaka skrubu ikae bila kuipasua plastiki. Kila boliti ianzishe kwa vidole mizunguko miwili mitatu ndipo uweke mashine. Kwenye aluminiamu, mashine iishie pale boliti inapogusa, kisha umalizie kwa spana ya toki, ile unayoiwekea Nm unazotaka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalipi uzito ni biti, ile ncha inayoingia kwenye kichwa cha skrubu. Skrubu nyingi za nyota kwenye magari na pikipiki za Kijapani zimekatwa kwa kipimo cha JIS, yaani kiwango cha Kijapani, na baadhi zina kinukta kichwani. Kwa macho zinafanana na Phillips, ile nyota ya kawaida, ila biti ya Phillips haikai vizuri ndani yake, inapanda juu na kula kichwa. Tafuta biti za JIS namba 2 na 3. Skrubu zinazoshika diski za breki za Honda usizijaribu kwa drili kabisa: tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, yenye biti namba 3.

Kuhusu ile 98V: seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, na ikijaa inafika 4.2. Seli tatu hujaa kwa volti 12.6, tano kwa 21. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V mara nyingi ni betri ileile ya seli tano, na nyingi zilizoandikwa 48V au 98V kwa bei nafuu, ukifungua, ni hizo hizo tano. Usibishane na muuzaji. Geuza chaja usome volti inazotoa. Ikisema 21V umeshapata jibu. Betri nayo ipime mkononi: ya volti 18 yenye Ah 5 (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba) huwa na seli kumi na uzito unaozidi nusu kilo. Ikiwa nyepesi, ndani kuna upungufu.

Ukinunua mtumba, soma pia volti zinazoingia kwenye chaja. Ya Japani ni ya 100V na ya Marekani ni ya 120V. Umeme wetu wa 230V utaiunguza palepale. Na betri iliyotoka kazini ikiwa moto iache ipoe kwanza ndipo uichaji.

Pale penye petroli wazi, yaani tangi, kabureta au bomba la mafuta, weka mashine chini na utumie mkono. Mota ya kaboni hutoa cheche ndani yake wakati wote, na hata isiyo na kaboni ina swichi inayoweza kutoa cheche.

Nati za tairi, basi. Kwenye Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa Nm 103, na zikishakaa na kutu huhitaji zaidi ya hapo kufunguka. Drili ya volti 12 haiwezi. Kwa sasa tumia spana ndefu. Biashara ikikua, ongeza impakti ya volti 18 yenye mdomo wa nusu inchi, na iwe ya kufungulia tu. Kukaza ni spana ya toki, gari likiwa limegusa chini, nati moja na ile inayotazamana nayo.