Rangi ya maganda ya vitunguu imechuja? Angalia uzi kwanza

Dada, unasema uzi wa kufumia uliouchemsha na maganda ya vitunguu ili upate rangi umechuja ulipoufua kwenye ndoo. Kabla hujayalaumu maganda, kata kipande cha huo uzi ukichome kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ni sufu. Ukiyeyuka ukabaki kidonge kigumu, ni akriliki, yaani uzi wa plastiki, na hapo hata uchemshe gunia zima la maganda utapoteza mkaa tu.

Kama ni sufu, ulichosahau ni shabu ya kushikisha rangi kwenye uzi, hii hii wanayopaka vinyozi. Gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Iyeyushe kwenye maji ya moto, tumbukiza uzi ulioloweshwa, uache kwa moto mdogo kama saa moja. Maji yafuke mvuke tu, yasitokote. Ndipo uuhamishie kwenye maji uliyochemshia maganda, ukiwa umeshayatoa maganda yenyewe. Mimi hupima maganda uzito sawa na uzi. Na usishtuke vitunguu vyekundu vikikupa rangi ya zeituni, ndivyo vilivyo. Rangi ya chungwa iliyokolea inatoka kwenye vile vya ganda la kahawia.

Usikorogekoroge, wala usiutoe jikoni moja kwa moja kwenye maji baridi. Uache upoe humo humo hadi asubuhi. Mimi niliharakisha mara moja, sufu ikagandamana ngumu kama zulia. Kofia ya mtoto ikaishia kuwa kishikio cha sufuria.